Weupe wa Kaskazini

Asubuhi hiyo mwenyekiti wa benki ya ushirika, Balkar Singh, alimpigia simu Harpinder, afisa wake wa mikakati, kutoka juu ya paa la nyumba yake.

"Mama Mkakati! Panda uone mkakati wako unavyofuka! Kaskazini kote moshi!"

Harpinder nusura aitupe simu. Ni yeye aliyewang'ang'aniza wakurugenzi wakopeshe wakulima mashine za kufunga mabua ya mpunga, na wakikopeshe pia kiwanda cha kuyashindilia yawe kuni za matanuri ya matofali. Sharti lilikuwa moja tu: asiwepo wa kuyachoma shambani. Kabla ya hapo, kila mavuno Punjab nzima ilikohoa kwa moshi wa mabua.

"Watanitambua leo!" akafoka akipanda ngazi.

Juu alimkuta mama mkwe wake akianua nguo haraka, kama afanyavyo kila mwaka moshi unapoingia. Ghafla mama akasimama, shuka mkononi.

"Mama, ni vijiji gani hivyo vilivyochoma mabua?"

"Moshi gani huo usiotembea, mwanangu?"

Harpinder akakaza macho. Weupe ule ulikuwa na ncha na mikunjo, na jua lilipoupiga ukageuka waridi. Ilikuwa milima ya theluji, ambayo miaka yote moshi ulikuwa umeificha. Amezaliwa hapa, amezeekea benki hapa, wala hakuwahi kuiona. Akakaa chini.

Simu ikalia tena. Safari hii sauti ya Balkar Singh ilikuwa ndogo.

"Harpinder... ile milima yote ni yetu?"

Harpinder akageuka. Mama mkwe alikuwa akizianika upya nguo zake, ila kamba ya kaskazini aliiacha tupu, isiizibe milima.