Kuhani Akagua Kuta

Jumatatu, tarehe 17 Aprili. Asubuhi hiyo mjini Winnipeg palikuwa na baridi ya nyuzi mbili chini ya sifuri, na theluji chafu pembezoni mwa barabara ilianza kuyeyuka kisha ikaghairi. Estelle Kravetz, mke wa mwenyekiti wa sinagogi, alikuwa anakaanga yai alipoona doa la kijani ukutani nyuma ya jiko. Lilikuwa limedidimia ndani ya ukuta. Yai lilipoiva, doa lilikuwa limeota ukingo mwekundu.

Alijua la kufanya, kwa kuwa sura ya Torati iliyosomwa sinagogini wiki hiyo ilikuwa ile ya pigo la nyumba. Alimpigia simu Hershel Kagan, daktari wa meno, ambaye ukoo wake ni wa makuhani tangu Haruni.

"Daktari, naona kama pigo nyumbani kwangu."

"Kama?"

"Kama. Mwenye nyumba hasemi ni pigo mpaka kuhani aseme. Au umesahau Torati yako?"

"Sijasahau, mama. Nina mtu hapa kafungua mdomo. Toa vyombo nje, nakuja."

Vyombo hutolewa kwanza, kwa sababu kuhani akishatamka kuwa nyumba ni najisi, kila kilichomo nacho ni najisi. Basi makochi ya Kravetz yakatoka, yakafuata masanduku ya vyombo: vya maziwa vyenye alama ya buluu, vya nyama vyenye alama nyekundu. Daktari Kagan alimulika doa kwa kurunzi yake ya meno, akaligusa, akasema limeingia ndani. Akafunga nyumba kwa siku saba. Kravetz na mkewe wakahamia hotelini.

Kufikia Jumanne alasiri mtaa mzima ulikuwa na makochi juu ya theluji. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliagiza rangi nyeupe kwa wingi. Daktari Kagan aliahirisha wagonjwa wake wote. Nyumbani kwake mwenyewe doa lilikuwa bafuni, naye alilikagua kama alivyokagua mengine.

Pearl Zaslov alikuta la kwake juu ya kabati la chai, dogo kama punje ya haragwe. Pearl alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, na tangu mwaka uliopita alikuwa akihudhuria darasa la jioni ili ajifunze kuisoma Torati kwa herufi zake za Kiebrania. Alisoma taratibu, kidole kikitangulia, na kabla ya kila mstari aliomba Mungu asimwache apite juu yake bila kuingia. Alilitazama lile haragwe, akalifunika kwa kalenda, kisha akaona haya, akaiondoa.

Darasani jioni hiyo Rabi Feldbrand alikuwa amevaa koti, kwa sababu vitabu vyake vyote vilikuwa uani.

"Wazee wetu walifundisha kuwa pigo hili huletwa na ulimi," alisema. "Anayemsema mwenziwe vibaya, ukuta wake humjibu."

"Na aliyesikiliza tu?" Pearl aliuliza.

"Naye pia. Kidogo."

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyesemwa. Zelda Minkin alikuwa mpishi wa sinagogi tangu wengi wao wakiwa na nywele nyeusi. Majira ya baridi yalipoanza, ikasemwa kwamba ametia maziwa kwenye supu ya nyama aliyowapikia watu msibani, mchanganyiko ambao Torati inaukataza. Hakuitwa wala hakuulizwa. Alikuta tu kufuli jipya kwenye mlango wa jiko, na akina mama waliokuwa wakimkumbatia siku ya Sabato wakawa wanatafuta miwani mikobani mwao kila alipopita.

Kesho yake Pearl alipita ua kwa ua, katikati ya makochi, akiuliza swali moja: nani aliona? Mmoja alikuwa ameambiwa na jirani. Jirani alikuwa ameambiwa na mke wa daktari. Mke wa daktari alisema, "Mimi? Nilisikia kwa Estelle, na Estelle hasemi la uongo."

Pearl akamfuata Estelle hotelini.

"Wewe uliona maziwa?"

"Maziwa gani? Nilisema supu ni nyeupe, utadhani ng'ombe kapita. Nilikuwa natania, Pearl. Watu walicheka!"

"Na walipofunga jiko?"

"Ningesemaje tena? Tayari kila mtu alikuwa anajua."

Pearl aliketi pale pale juu ya sanduku la Estelle. Madoa hayakuwa yamemshangaza, yaliandikwa. Lakini kumfukuza mtu kwa utani, mtaa mzima, na chanzo chake kinakunywa chai! Akavaa glavu, akaenda kwa Zelda.

Kuta za Zelda zilikuwa nyeupe. Sebuleni palikuwa na mabegi matatu.

"Jumapili naenda Calgary kwa mwanangu," Zelda alisema.

"Sio kweli walichosema. Estelle amekiri."

"Kakiri kwako. Kwani ni wewe uliyefunga jiko?" Zelda alikunja aproni yake. "Alipolisema hilo mbele za watu, alikanushe mbele za watu. Akifanya hivyo, nafungua mabegi. La sivyo, nife kwa wajukuu."

Siku ya Sabato sinagogi lilijaa, watu wakinukia rangi. Msomaji alifika mahali penye nyumba na kuhani na mawe ya ukuta, na vichwa vikatikisika kwa kuafiki. Ndipo Pearl akapanda jukwaani, akaweka kiganja juu ya meza, kando ya gombo. Ni desturi ya kale: aliyeona dhuluma katika kusanyiko ana haki ya kusimamisha Torati, na haisomwi tena mpaka kusanyiko liahidi kumsikiliza.

"Zelda Minkin hakutia maziwa," alisema. "Aliyeanzisha yuko humu. Aseme."

Estelle, safu ya pili, alikuwa akitafuta miwani mkobani mwake. Ilikuwa usoni mwake. Hakuna aliyebisha, na hakuna aliyenong'ona kuuliza ni nani. Wote walikuwa wakimtazama Pearl kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo linalofahamika.

"Zelda anaondoka kesho," Pearl alisema.

"Shh, mama," alisema Daktari Kagan. "Mwache mwenyekiti aahidi."

Mwenyekiti Kravetz alikuwa amesimama. Alifunga kifungo cha koti, akaelekeza mkono kwenye gombo.

"Mbele ya Torati, na mbele yenu nyote mashahidi," alisema, "tunaahidi kwamba jambo la Bi Zelda litasikilizwa kwa haki, bila upendeleo, katika kikao cha kwanza baada ya sikukuu ya mwezi ujao."