Siku Mwenye Mundu Alipobisha Hodi

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Pacha alifunga mapazia ya chumba namba nne, akapanga viti vitatu, akakisogeza pembeni kile cha mguu mbovu, kisha akagawa fomu. Alikuwa katibu wa jopo katika Ofisi ya Ukaguzi wa Filamu, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tano. Fomu yenyewe ina vipengele tisa. Cha saba kinauliza: Je, mtazamaji aliogopa? Kama ndiyo, taja dakika.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya zamani, ile ya jamaa anayevaa kinyago cha kuchomelea vyuma na kuwawinda wasichana wa bweni kwa mundu. Ilifungiwa kabatini miaka arobaini na moja iliyopita, kwa sababu ilipoonyeshwa mara ya kwanza watu walirukia nje madirishani, na mama mmoja alijifungua katikati ya viti kabla ya siku zake. Sasa mwenye jumba moja la sinema alikuwa ameomba kuionyesha tena. Ofisi ilitakiwa kujua kama bado inatisha.

Mama Pacha mwenyewe mawazo yake hayakuwa kwenye filamu. Mmoja wa wale pacha wake, binti, alikuwa anatarajia kujifungua wiki hiyohiyo, mimba ya kwanza, katika mji mwingine. Kila jioni alipiga simu kuuliza, "Mama, unakuja lini?" Barua ya kuomba likizo Mama Pacha aliiandika miezi mitano kabla. Siku tano tu, na likizo ni haki yake. Kilichobaki ni saini ya Mkurugenzi. Mara kumi na moja alikuwa ameibeba barua hadi mlangoni kwa Mkurugenzi, na kila akifika alikumbuka kuna kitu amesahau mezani kwake, akarudi.

"Huyu mimi namfahamu," alisema Mwalimu, mjumbe wa jopo, mstaafu wa miaka mingi, alipoona kinyago kikijitokeza nyuma ya pazia la bweni. "Nilimwona siku ile ya kwanza kabisa. Nilikimbia, nikamwacha mchumba wangu ukumbini."

"Yule uliyemuoa?" aliuliza Fundi wa projekta.

"Huyohuyo. Miaka arobaini na moja ya ndoa mwaka huu, na bado ananikumbusha kila tukigombana. Mimi namjibu, kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Yeye ananiambia bawa aliliacha kiti cha nne kutoka mwisho."

Filamu ikaendelea. Tusidanganyane, haikuwatisha. Msichana wa kwanza alisikia kelele stoo, akaenda stoo peke yake, tena bila viatu. Wa pili alikimbia njia tambarare kama meza, akaanguka. "Huyu anakwaa nini sasa?" aliuliza Mama Pacha. Wa tatu aliacha mlango wazi akapanda ghorofani, na Mwalimu akamfundisha kwa sauti, "Toka nje mwanangu, toka nje, nyumba ya moto huipandi juu." Mwenye Mundu alipotokea dirishani na muziki wake, Fundi alikuwa anapiga miayo, na miayo ni ya kuambukizana, ikawapitia wote watatu.

Saa nne ilikuwa saa ya chai. Fundi akazima taa ya projekta. Mwenye Mundu akapinda mgongo, akatoka chini ya ukingo wa kitambaa cha kuonyeshea filamu, akajifuta miguu kwenye mkeka na kusimama pale akiwa na mundu wake.

"Shikamoo baba," alisema Mama Pacha. "Chukua kiti. Si hicho, hicho mguu wake mbovu."

"Marahaba mwanangu."

Akavua kinyago. Alikuwa mzee. Miaka yote aliyokaa kabatini alikuwa anazeeka humohumo na mkanda wake, na sasa nyusi zilikuwa nyeupe, macho yakitoa machozi kwa mwanga. Fundi alimmiminia chai. Mkate haukuwa umekatwa, na kisu cha ofisi kilipotea tangu mwaka juzi, kwa hiyo mzee aliuchukua akaukata kwa mundu. Vipande vilitoka vyembamba na sawasawa. Mundu si kisu cha mkate, lakini mkono una mazoea yake.

"Kwa hiyo hamkuogopa," alisema.

Walitazamana. Mtu mzima havunjwi moyo hivihivi na kikombe kiko mdomoni.

"Zamani nilikuogopa sana," alisema Mwalimu. "Nilimwacha mchumba wangu."

"Kiti cha nne kutoka mwisho? Gauni la maua?"

"Ndiyo."

"Namkumbuka. Alikaa mpaka mwisho. Aliniuliza kama viatu vinanibana, maana naburura mguu."

Mwalimu akaomba sukari iongezwe. Habari ya viatu mkewe hakuwahi kumwambia. Fundi alicheka hadi chai ikamwagika kwenye fomu yake, na mzee naye akacheka, akasema kweli vilimbana, vilikuwa vya kuazima. Wakakaa wakila mkate, mambo yakawa matamu, mpaka viatu viliposikika kwenye korido.

Vilikuwa viatu vya ngozi, visigino vyenye chuma. Ta, ta, ta. Fundi aliacha kutafuna, mkate ukiwa shavuni. Mwalimu, aliyestaafu na ambaye hakuna wa kumfukuza, aliketi wima na kufunga kifungo cha shati. Mama Pacha aliisukuma barua yake chini ya fomu, na fomu chini ya faili, na faili akalilalia kwa kiwiko. Viatu vikasimama mlangoni. Kitasa hakikugeuka. Vikaendelea na safari yake, ta, ta, ta, na kila mtu akavuta pumzi.

Mwenye Mundu alikuwa amewatazama mmoja mmoja. Kazi yake ilikuwa nyuso, na nyuso hizo alizijua.

"Huko sasa ndiko kuogopa," alisema kwa heshima. "Nani huyo?"

"Mkurugenzi," alisema Mama Pacha.

"Anabeba nini?"

"Kalamu."

"Kalamu tu?"

"Kalamu tu. Na haiandiki."

Wakamweleza. Mkurugenzi hajawahi kumfokea mtu. Anakukaribisha kiti, anakuuliza habari za nyumbani, anatabasamu, anasema, "Tutaliangalia." Dada wa mapokezi aliomba likizo akaambiwa hivyo Ijumaa, na Jumatatu alikuta meza yake iko chini kabisa, kwenye stoo, kando ya tangi la maji. Dereva aliyeomba kabla yake hakuwa na meza, kwa hiyo alihamishwa mwenyewe. Wapi, haijulikani. Koti lake bado limetundikwa nyuma ya mlango na kila Jumatatu hukutwa limepigwa pasi.

"Na wewe unataka nini kwake?"

Mama Pacha akaitoa barua. Alieleza habari za binti, na alipofika kwenye "mimba ya kwanza" akajifanya anapuliza chai. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na hasira, na zaidi alikuwa na aibu, mtu mzima wa miaka hamsini na moja kushindwa na mlango.

"Lete," alisema mzee. "Nimeingia nyumba kumi na tisa, sijawahi kubisha hodi."

"Hapa itabidi ubishe, baba."

Akavaa kinyago chake, akatwaa mundu mkono wa kulia na barua mkono wa kushoto, akatoka. Wao watatu walipanga vichwa kwenye upenyo wa mlango. Mzee alikwenda ule mwendo wake wenyewe, wa kuburura mguu, mwendo uliowatoa watu madirishani. Korido ni ndefu, na makarani waliokutana naye walimpisha na kumwamkia. Akafika. Akasimama. Akanyoosha kola. Akabisha hodi, na sauti ya upole ikamjibu, "Karibu."

Fundi aliona asipoteze muda, akawasha projekta ili mkanda uendelee. Huko ndani ya filamu wasichana wa bweni walikuwa wanasubiri kuwindwa. Walisubiri. Mmoja alichungulia nje, akatazama saa ya ukutani, akarudi. Yule wa stoo alitoka stoo. Baadaye wakakaa sakafuni wakaanza kusukana nywele na kumsema mwalimu wao wa hesabu, na yalikuwa mazungumzo mazuri kweli, Mama Pacha mwenyewe aliacha kutazama mlango kwa muda.

Mwenye Mundu alirudi baada ya dakika nane. Mundu hakuwa nao, wala kinyago. Shingoni alikuwa amevaa kitambulisho cha ofisi chenye picha yake, na picha hiyo hakuna aliyejua imepigwa lini. Alishika ukingo wa meza kwanza, ndipo akaketi, na akaketi kwenye kile kiti kibovu bila kujali.

"Amesema tutaliangalia," alisema.

"Alikutisha?" aliuliza Mama Pacha.

"Alinipa kiti. Akaniuliza habari za familia yangu. Sina familia, mwanangu, na yeye alijua sina. Akatabasamu." Mzee alikigeuza kitambulisho chake, picha ikatazama ndani. "Nimepangiwa meza chini, kando ya tangi. Naanza kesho saa moja na nusu, na nisichelewe."

"Si urudi tu kwenye filamu yako?" aliuliza Fundi. "Kitambaa hicho hapo."

"Nimeshasaini," alisema mzee.

Hakuna aliyemlaumu. Mwalimu alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mama Pacha akamwongezea chai, maana ndiye aliyemtuma na roho ilikuwa inamuuma. Kisha wakajaza fomu, kwa sababu kazi ni kazi. Kipengele cha saba wote watatu waliandika hapana. Mwenye Mundu aliomba naye aandikwe. Mama Pacha alimweleza kwamba kipengele kinahusu filamu, na kilichomtisha yeye hakimo kwenye filamu. Mzee akaona ni sawa.

Ripoti ilipelekwa kwa Mkurugenzi Jumanne alasiri, na Jumatano asubuhi ilikuwa imerudi, imesainiwa kwa wino mwingi. Pembeni aliongeza kwa mkono wake: Filamu iruhusiwe kwa rika zote. Hongereni. Si vizuri wananchi kutishwa bure. Mama Pacha aliigeuza nyuma na mbele kuona kama kuna karatasi nyingine imenaswa hapo. Haikuwapo.

Alhamisi jumba la sinema lilijaa. Familia zilikuja na watoto, na wazee waliorukia nje madirishani zamani walikuja kuona walikimbia nini. Waliona wasichana wanne wakisukana nywele kwa saa moja na robo, mlango wa bweni ukiwa wazi, na hakuna aliyeingia. Walicheka pale pa mwalimu wa hesabu. Wakatoka wakisema filamu za zamani zilikuwa na utulivu wake. Mwalimu alikwenda na mkewe, kiti cha nne kutoka mwisho, na safari hii alikaa mpaka taa zikawashwa. Mkewe alimwambia si mbaya.

Ijumaa saa tano asubuhi Mama Pacha alishuka stoo kupeleka mafaili. Mwenye Mundu alikuwa mezani kwake akipiga mhuri barua za mwaka juzi, na Fundi alikuwa hapo akitengeneza taa. Simu ya Mama Pacha ikaita. Mkwewe alikuwa anaongea na kucheka kwa pamoja. Wa kike, alisema, mzima, na mama yake mzima, anakuulizia. Hebu msikilize. Mama Pacha akaiweka simu kwenye sauti ya juu, akaishika mbele yao kwa mikono miwili. Mtoto akalia, na kilio chake kikajaa stoo nzima hadi kwenye tangi.

Mama Pacha alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mwenye Mundu aliinamisha sikio, akasikiliza kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Katika maisha yake alikuwa amesikia mayowe mengi, na ya kulipwa.

"Huyu ana sauti," alisema. "Hongera, bibi."

"Mama," ilisema sauti ya binti, ya kuchoka, karibu kabisa na simu. "Unakuja lini?"

Ngazini vikasikika viatu. Ta, ta, ta. Fundi akaacha kuifunga taa, akabaki ameishika tu. Mzee akasimama wima nyuma ya meza yake, mhuri mkononi. Mama Pacha akaifunika simu kwa kiganja chake, akakaza. Mtoto akaendelea kulia humo kiganjani, hakuwa bado anamjua mtu wa kumwogopa.