Karata Zisizo na Rangi

...kwa sababu zile karata zenye rangi zilikuwa nzuri, hilo Scholastica hakutaka kujidanganya, macho hayana pazia, mwezi wa rangi ya maziwa, mfalme mwenye joho jekundu, mwanamke anamfunua simba kinywa kana kwamba anamkagua mbuzi meno, na pale kwenye meza ya Abuu, katikati ya vitabu vya mitumba na redio zisizoimba, zilizidi kung'aa kadiri ukungu ulivyoshuka kutoka msitu wa Magamba na kuingia sokoni bila hodi, "Mwalimu, chukua hizo hizo," Abuu alikuwa akisema, ameshika mfuko wazi, "hizi nyingine naona kiwandani hawakuzimaliza, tazama, mistari mitupu," naye akatazama, mistari mitupu kweli, watu wa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, na pembeni mwa kila moja ya zile karata kubwa ishirini na mbili herufi moja ya Kiebrania, alefu, beti, gimeli... alizijua tangu darasa la kipaimara, mwinjilisti Yohane akiziandika ubaoni kwa chaki, zote ishirini na mbili, akisema Mungu alisema ndipo vitu vikawa, na kusema ni herufi, wenzake wakacheka, yeye hakucheka, na miaka hamsini baadaye, amestaafu kufundisha hesabu, akakutana nazo tena kwenye simu, katika masomo ya Kabala, elimu ya ndani ya Mayahudi, mti mmoja wenye vituo kumi na njia ishirini na mbili, kila njia na herufi yake, kila herufi na karata yake ya taroti, ramli ya Wazungu, na alipoona hesabu imekaa sawa alicheka peke yake jikoni mpaka Timotheo akauliza mke wangu umepatwa na nini... yule mwalimu wa kwenye simu, sauti tu, alisema anayetaka kujifunza achague karata zenye herufi, na akibahatika kupata zisizopakwa rangi ashukuru, azipake mwenyewe, moja kwa juma, kwa sababu mkono ndio unaojifunza, na tazama sasa, mzungu mtafiti amehama, maboksi yake yameishia kwa Abuu, pakiti mbili, bei moja, moja ya kusomea na nyingine ya... ya nini, sema, Scholastica, mtu mzima hadanganyi moyo wake... ya kuuliza.

Kwa sababu zenye rangi zinasema. Unazitandaza mezani nazo zinakuambia huyu anakwenda, huyu anabaki, na yeye alikuwa na swali moja tu, tangu hospitali walipomkata Timotheo kipande cha nyama kooni kikapelekwa kupimwa, majibu kesho Ijumaa, leo Alhamisi, ni usiku mmoja tu, nani atamlaumu mke kwa usiku mmoja, "tena hizi zina sanduku lake," Abuu anasema, sauti inatoka mbali, ukungu umeshameza wauza kabichi, umebakiza vichwa vya wanawake na ndoo zao vikielea, na Timotheo yuko nyumbani anapuliza uji, asubuhi alimsindikiza mpaka mlangoni, sauti imekwaruza kama ya jogoo anayejifunza kuwika, akauliza, "Mbegu zangu umeshaagiza?" naye akajibu, "Nimeshaagiza, baba Mika, kapumzike"... na bibi alikuwa na kibuyu, bibi mzaa mama, kule Bungu, kibuyu cha maharage ya ramli ambacho hata ubatizo haukukitoa uvunguni, babu alipougua bibi akayamwaga kwenye ungo, akayasoma, akayarudisha kibuyuni, na msimu ule kila mtu nyumbani alipandiwa matuta yake kama desturi, baba yake, mama yake, shangazi, hata mtoto wa kunyonya alipata tuta, matuta ya babu bibi akayaacha majani, maana maharage yalikuwa yamesema, na mbegu haizikwi bure... babu akapona. Akaishi miaka tisa. Siku ya kwanza alipotoka na mkongojo akasimama juu ya shamba, akaona matuta ya wote yamechipua na mahali pake pana majani, hakuuliza kitu, ila tangu siku hiyo, kabla hajagusa chakula cha mkewe, alisema naomba, miaka tisa, naomba, kama mgeni, na bibi akawa anatoka nje ili asisikie, Scholastica alikuwa mdogo lakini alimwona, amesimama nyuma ya jiko, amejiziba masikio kwa kanga... maharage yale yalimuua mume aliye hai, basi, na ukiuliza umeshaanza kuzika, ndiyo maana hizi zenye rangi zirudi kwenye sanduku lake, mwezi wake na simba wake, yeye hatauliza, yeye si bibi, yeye...

Jumatatu. Jumatatu iliyopita kwa Janeth muuza mbegu za viazi, Janeth akasema, "Mama Mika, madebe mawili kama siku zote, la kwako na la mzee?" na mdomo wake mwenyewe ukajibu, moja linatosha. Moja. Hakutandaza karata, hakumwaga maharage, na bado alikuwa ameuliza, tena amejijibu, matuta ya Timotheo yamelala na majani yake kilimani juu ya nyumba, na asubuhi alimdanganya uso kwa uso na uji mkononi... akaona aibu, aibu ya moto, hata ukungu ule wa baridi haukumpoza shingo, na karata ya juu ikawa bado inamtazama, alefu, msafiri na kifurushi chake ukingoni mwa genge, juu yake mbingu isiyo na rangi, haijui kesho, haijui kitu mpaka mtu aipake, buluu ipi lakini, Timotheo ndiye mwenye jicho la rangi, yeye achague, karata ishirini na mbili, majuma ishirini na mawili, na viazi havifiki hata majuma kumi na sita, vitakuwa vimeshaliwa kabla ya herufi ya mwisho, hesabu ilikaa sawa, na kama haitakaa, basi itakuwa imevunjikia njiani, si hapa, si kwa mkono wake.

"Mwalimu," Abuu alisema, mfuko bado wazi mkononi, "zipi sasa?"

"Mwanangu, Janeth wa mbegu amefunga?"

"Bado yupo."

"Basi nishikie hizo ambazo hazijamaliziwa," akasema. "Nikachukue kwanza mbegu za mzee."