Gauni la Safu Mbili

Nyanya Nyangi alilikung'uta gauni mara moja tu, na maua yake ya rangi ya chungwa yakang'aa ukumbini kana kwamba yamechanua asubuhi hiyo.

"Nililivaa hili mwaka wa sabini na sita," alisema. "Niweke safu ya kwanza."

Kanisa letu la Ntimaru lilikuwa likitimiza miaka hamsini, na akina mama wangepita mbele ya watu kwa mavazi ya kila enzi: safu ya kwanza miaka ya sabini, ya pili themanini, hadi leo. Kazi yangu ilikuwa kupanga nguo. Nimekulia kwenye kibanda cha mitumba cha shangazi yangu. Vidole vyangu huujua umri wa nguo kabla ya macho. Tena nguo hazimlazimishi mtu kuzungumza.

"Sabini na sita ulikuwa unachunga mbuzi," akasema Metrine, jirani yake. "Mimi na wewe tuliolewa mwaka mmoja, themanini na sita. Ama mzee wako alikuoa mara mbili na mimi sikualikwa?"

Akina mama wakacheka. Nyangi hakucheka. Alilikumbatia gauni kifuani.

"Muulizeni Emmaculate. Yeye anajua nguo."

Macho yote yakanigeukia. Nililipapasa gauni. Kitambaa cha krimplini, kizito, kisichojikunja hata ukiilalia, na maua mapana kama sahani: sabini, bila ubishi. Lakini mabega yalikuwa yamefura kwa sponji, na mikono ilikuwa ya kitambaa kingine, chepesi, chenye vitone. Themanini. Nikisema sabini, nimedanganya. Nikisema themanini, Nyanya anarudishwa nyuma. Siku nyingine ningenong'ona kwamba sijui.

"Limeshonwa mara mbili," nikasema, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kiwiliwili ni cha sabini. Mikono ni ya themanini. Kuna mtu alilifumua gauni lake akamshonea mwingine."

Nyangi akaketi. Kidole chake kikaufuata mshono wa bega hadi mwisho.

"Ni mama yangu," alisema. "Alinishonea kwa ajili ya harusi yangu. Lakini yeye ndiye aliyelivaa siku kanisa lilipofunguliwa. Nilitaka tu lipite mbele."

Metrine akamwekea gauni vizuri magotini.

"Si ungesema hivyo toka mwanzo, mama wewe. Pita mbele kwa niaba yake. Halafu zunguka nyuma ya kanisa mbio, uje upite na sisi. Ukichelewa hatukungoji."

Jumapili, mzee wa kanisa Zablon alinikabidhi kipaza sauti, kwa kuwa safu nilizipanga mimi. Nyangi alitangulia, polepole, mgongo umenyooka, kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake. Nikaitaja krimplini, nikayataja maua, nikakwama kwenye jina la mama yake. Akaniinamia, akaniambia sikioni.

"Boke," nikaliambia kanisa zima.

"Yuko," Metrine akaitika kutoka safu ya pili.

Vigelegele vikapanda. Nyanya Nyangi alikwisha kulipandisha gauni magotini, akatoka mbio kwa mlango wa pembeni.