Alawiya na Saumu Isiyokwisha

Ramadhani ilikwisha, watu wa Siyu wakala Idi, na Alawiya binti Gharib akaendelea kufunga. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Kwanza alifunga siku sita za sunna za mwezi wa Shawwal, na hakuna aliyeshangaa. Kisha akafunga Jumatatu na Alhamisi. Baba yake, Mwalimu Gharib, aliyesomesha watoto Kurani, alifurahi hata akamtaja mbele ya wanafunzi. Mwishowe akafunga kila siku, na magharibi, wenziwe walipokaa kwenye sinia, yeye alikula tende moja akainuka kuosha vyombo.

Mama yake, Mwanamkisi, ndiye aliyeanza kuona. Alawiya alipenda kupika kuliko zamani. Aliwapakulia wadogo zake wali wa nazi, akawahimiza wamalize, lakini mkono wake mwenyewe haukwenda kinywani. Nywele zilimtoka akichana. Katika joto la kaskazi alijifunika leso mbili, akitetemeka. Tena mama akagundua kwamba mwanawe hajaona siku zake kwa miezi kadhaa.

Jirani mmoja alikwisha kunong'ona habari za mimba. Mwanamkisi alimwita bintiye chumbani, akafunga mlango.

"Nambie kweli, mwanangu. Kuna mtu?"

"Wallahi hakuna, mama."

Mwanamkisi aliitazama mikono iliyobaki mifupa, akamwamini papo hapo. "Basi we ni mgonjwa."

"Si mgonjwa. Nafunga tu."

Mwalimu Gharib alidhani ni jini, akataka kumwita mganga. Mkewe hakubishana naye. "Kama ni jini, litatungoja," alisema. "Kwanza hospitali."

Mama na binti walishika njia ya miguu hadi kwenye mkono wa bahari, wakapata mashua, wakafikia Lamu kwa Barka, dada yake Gharib, mjane mnene na mcheshi aliyekaa mtaa wa Langoni.

Hospitalini daktari alisikiliza mapafu na moyo, akachukua damu na mkojo. Muuguzi, Bi Hindu, alimpandisha Alawiya kwenye mizani bila kumwonyesha inasema nini. Akamuuliza kwa upole:

"Ukijitazama kwenye kioo, mato yako yaona nini?"

"Naona mtu mnene."

Mwanamkisi alijishika mdomo.

"Hana mimba, wala hana kifua kikuu," daktari alimwambia mama. "Mwili umenyimwa chakula hata umeacha baadhi ya kazi zake, ndiyo maana siku zake zimekatika. Haya ni maradhi. Si ukaidi, si jini, wala hamkuyaleta nyinyi. Huanza kama jambo dogo analolitawala yeye, kisha likamtawala."

"Dawa yake?"

"Chakula. Kidogo kidogo, mara nyingi, maana mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla hudhurika. Apate mtu wa kula naye kila mlo. Msimpige, msimwaibishe, msimwache peke yake. Na kila wiki mumlete nimtazame."

"Na mwili wake usizungumzwe," Bi Hindu aliongeza. "Si wembamba wala si unene."

Barka, aliyewasindikiza, aliyasikia yote, akaitikia, na siku ileile akapika sinia zima la bokoboko la ngano na nyama. Alawiya alikula huku akilia. Kesho yake Barka akakuta matonge yamefungwa katika leso nyuma ya sanduku. Hasira zilimpanda. Akaenda jikoni, akakaa huko mpaka zikashuka.

"Nimekosea mimi," alimwambia wifi yake. "Nimeambiwa kidogo, nikapika cha harusi."

Akarudi na uji wa mtama katika bakuli mbili ndogo, moja yake, moja ya Alawiya, akaketi.

"Leso nimeiona. Sikugombi. Nambie tu, ukiwa na ndaa, tumbo tupu, wapata nini?"

Alawiya aliitazama bakuli. "Naona nimeshinda."

"Umemshinda nani?"

"Sijui, shangazi." Machozi yakamtoka. "Kwenye harusi ya Radhiya kule Siyu wanawake walinishika nyonga wakacheka, wakasema nimekuwa gunia. Nikasema nitawaonyesha. Wao wakaacha kucheka. Mimi nikashindwa kuacha kufunga."

"Na sasa?"

"Sasa nikila, kuna kitu ndani yangu chanitukana."

"Kikikutukana, nambie kinavyosema," Barka alisema. "Mimi mdomo ninao. Nitakijibu."

Wakaanza hivyo. Alawiya alitaja kwa sauti lile lililomjia, kwamba uji utamharibu, kwamba yeye ni mlafi, na Barka akalijibu mpaka mara nyingine wote wawili wakacheka. Siku nyingine hapakuwa na kicheko. Alawiya aliusukuma uji, akalia, na Barka akabaki pale pale hadi bakuli ikaisha.

Lakini kila alipobanwa sana Alawiya alisema amefunga, na hapo mama na shangazi wakaiondoa bakuli. Mwanamkisi akatuma ujumbe Siyu. Mwalimu Gharib akaja mwenyewe, akaketi mkekani mbele ya bintiye.

"Nilikusifu mbele ya watu nikidhani ni ibada," alisema. "Sikujua. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na saumu inayomdhuru mtu haifai kufungwa. Mimi ni baba yako na mwalimu wako. Nakwambia, kula."

"Sitapata dhambi?"

"Mwili ni amana uliyopewa. Kuutunza ndiyo ibada yako sasa."

Akamega mkate wa mofa, akala yeye kwanza, akampa. Alawiya alitafuna polepole, akaumaliza.

Kupona kulikwenda kwa kupanda na kushuka. Msimu wa kusi alirudi nyuma, mizani ikashuka, naye akaona amepoteza yote. "Umeteleza tu," Bi Hindu alimwambia. "Hukurudi mwanzo." Akaanza tena na uji. Siku zake ziliporudi, Mwanamkisi alitoa sadaka. Waliporudi Siyu, akaweka amri: hakuna mgeni, hata awe mkubwa namna gani, atakayecheka mwili wa mtoto wake. Wengine walinuna, lakini waliitii.

Mwaka uliofuata Bi Hindu alimwita Alawiya hospitalini Lamu. Palikuwa na msichana kutoka Kiunga, Hadia, aliyekataa kula na kusema na mtu. Alawiya alikaa kando ya kitanda.

"Wamekutuma unilishe," Hadia alisema.

"Wameniomba, na mimi nikataka. Sikuya kukulisha. Hicho kinachokusemesha, nakijua. Chaongopa."

Hadia akageuza uso. "Kwako kimenyamaza?"

"Mara mojamoja husema. Mimi hula tu."

Bi Hindu alileta sahani mbili za samaki na wali. Alawiya alinawa, akaisogeza moja karibu na mkono wa Hadia, kisha akasema bismillahi na kuanza kula yake, bila haraka.