Chujio la Mwanga

Kazini walimwita Mama Kioo, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilimganda kwa sababu nusu ya umri wake aliumalizia kwenye chumba cha chini cha kampuni ya mawasiliano, chumba kisicho na dirisha, chenye baridi ya kiyoyozi inayopenya mpaka kwenye magego, akihangaika na nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zile ziitwazo faiba. Ukitaka kumuudhi, mwambie faiba ni waya. Angekusimamisha hapo hapo akakusomesha mpaka chai yako ipoe.

Tatizo alilolipigania lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulimaliza. Habari husafiri ndani ya kioo kama vimweko vya mwanga, kimoja nyuma ya kingine, mabilioni kwa kupepesa jicho. Safari ikiwa fupi, vinafika kama vilivyotumwa. Ikiwa ndefu, vinatanuka na kuingiliana, kama watu waliotoka pamoja kumbe kila mmoja ana mwendo wake. Mwishoni hujui nani alikuwa mbele ya nani. Dawa ya zamani ilikuwa kuusimamisha mwanga njiani, kuugeuza umeme, kuusafisha, kisha kuugeuza mwanga tena. Dawa hiyo iliponya, lakini ilichelewesha na ilikula umeme kama moto ulavyo nyasi kavu. Mama Kioo alitaka mwanga usafishwe na mwanga wenyewe. Alipitisha vimweko vilivyochoka ndani ya kioo maalumu pamoja na leza kali, na upande wa pili vikatoka vimenyooka, kana kwamba ndiyo kwanza vinaanza safari. Mtambo huo ulijaza meza nzima. Wenzake waliuita Chujio.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, kitindamimba. Baba yao alifariki mapema, mama yao alifua mashuka ya hospitali kwa zamu, na aliyemlea huyo mdogo alikuwa dada yake. Alimuogesha, alimchapa alipotoroka shule, alimfundisha hesabu kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Mama akirudi kazini alikuta mlango umejaa alama za ajabu, akauliza kama nyumba imehamiwa na wachawi. Kijana alipokua kidogo, dada alimfundisha hata ile hesabu ya jinsi mwanga unavyotanuka ndani ya kioo. Siku moja kijana akauliza, "Sasa dada, kama tunajua unavyoharibika, si tunaweza kuhesabu kinyumenyume tukajua ulikuwaje mwanzo?"

Dada akacheka. "Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini wewe ukiwa unahesabu, mwanga utakungoja?"

Kijana alikwenda kusoma mbali, akapata kazi huko huko. Alipopiga simu, kazi yake aliieleza juu juu: mambo ya chipu, dada, mambo ya hesabu. Dada hakumdodosa. Alijivuna tu kwa majirani kwamba mdogo wake naye yumo kwenye mwanga.

Ikafika wakati kampuni ikataka kulaza mkongo mpya mrefu wa faiba, na mkurugenzi akatangaza kwamba Chujio litajaribiwa pamoja na mtambo wa kampuni moja ya nje. Utakaoshinda ndio utakaotumika. Mama Kioo hakutishika. Alipiga pasi suti yake ya kijivu, akashuka chumbani kwake mapema, akafuta kila ncha ya faiba kwa kitambaa laini. Mlango ulipofunguliwa, wakaingia mkurugenzi, wajumbe wa bodi, na nyuma yao mdogo wake, amebeba kijisanduku cha chipu kisichozidi mkate.

"Shikamoo, dada," alisema, macho yake sakafuni.

"Marahaba." Akamvuta pembeni, karibu na rafu. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tuliongea Jumapili. Uliniuliza hali ya goti la mama. Hili ukalimeza?"

"Ningekuambia, ungenizuia."

"Ningekuombea!"

"Ungeniombea nishindwe, dada," kijana alisema polepole, na aliyasema bila ubaya, ndiyo maana yalichoma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Kioo aliusikia msemo huo ukipita kichwani, akaona aibu kuufikiria juu ya mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfunga viatu.

Asubuhi ikawa ya Chujio. Njia ya majaribio ilikuwa faiba ndefu iliyozungushwa kwenye magurudumu ya plastiki kama uzi wa cherehani, gurudumu moja likiungwa na jingine ndani ya kabati la chuma. Mwanga uliingia upande huu ukiwa mzima, ukatoka upande ule ukiwa uji. Chujio likaupokea, likaunyoosha. Kwenye skrini ya kipimo mawimbi yakafunguka kama jicho la mtu aliyeamka, na makosa yakawa machache mno. Wajumbe walipiga makofi. Ndipo mmoja wao, mzee mwenye miwani mizito, akauliza, "Hii ni rangi moja ya mwanga. Mkongo utabeba rangi ngapi?"

"Nyingi," alisema Mama Kioo.

"Na kila rangi itataka meza yake?"

Mama Kioo akaitazama meza ya Chujio. Mkurugenzi akasema basi, twendeni tukale, chipu itajaribiwa mchana.

Wote walipanda juu. Mama Kioo alibaki, akisema hana njaa. Alikaa kwenye kiti akilitazama kabati la chuma. Kwenye karatasi zao, wenye chipu walitaja wazi umbali wa mwisho ambao mtambo wao ungeuweza, na njia ya majaribio ilikuwa imepangwa chini kidogo ya hapo. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na magurudumu mengine, mapya, ndani ya maboksi yao.

Baadaye alijiambia kwamba mikono ndiyo iliyofanya. Si kweli, mikono haijui njia bila kichwa. Alitoa magurudumu, akayaunga ndani ya kabati, akaongeza nguvu ya kikuza mwanga ili upungufu usionekane mapema, akafunga kabati na kujifuta vumbi. Sasa njia ilizidi mbali mpaka wa chipu. Akarudi kukaa, akitega sikio kwa hatua za watu kama mwizi wa kuku.

Watu walirudi wakinuka kahawa. Kijana akachomeka kijisanduku chake, akawasha skrini. Hapakuwa na leza ya ziada wala kioo maalumu. Chipu hiyo haikujishughulisha kuusafisha mwanga. Iliuacha uharibike njia nzima, ikaupokea ulivyo, kisha ikapiga hesabu kinyumenyume kwa kasi ambayo mwanga haukuhitaji kuingoja.

Kwanza skrini ilionyesha wingu la nukta lisilo na kichwa wala miguu. Mama Kioo alishusha pumzi. Wingu likatikisika. Likagawanyika mafungu, mafungu yakajikaza, na ghafla nukta zikasimama kila moja mahali pake, safi, kama watoto wa shule waliosikia kengele. Makosa: hakuna. Rangi zote kwa pamoja.

Kijana hakushangilia. Alikuwa amekazia macho pembe ya chini ya skrini. Ili chipu irudi nyuma, ilibidi kwanza ijipimie yenyewe mwanga umetanuka kiasi gani, na ilikuwa imeandika hapo urefu wa njia uliosababisha kutanuka huko. Akausoma. Akageuka kumtazama dada yake, na dada yake akatazama kabati.

"Mbona inasema faiba ni ndefu kuliko tulivyokubaliana?" aliuliza mkurugenzi, ambaye naye alikuwa amesogea. "Mtambo umekosea, au?"

Macho yote yakahamia kwenye skrini. Mama Kioo alifungua mdomo. Kama ni kusema ukweli, ilikuwa hapo.

"Haujakosea, mheshimiwa," alisema kijana. "Nilimuomba dada aongeze magurudumu wakati wa chakula. Sikutaka kutangaza mapema, msije mkadhani tunajigamba. Nilitaka chipu ipimwe na mtu asiyeionea huruma."

Wajumbe walicheka kwa furaha. Yule mzee wa miwani aliinuka akampa Mama Kioo mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mtu umejaribiwa asubuhi, mchana unamsaidia mpinzani wako apimwe zaidi! Hii ndiyo sayansi."

"Asante," alisema Mama Kioo.

Alimkuta mdogo wake koridoni, karibu na lifti.

"Kwa nini hukusema ukweli?"

"Wangekufukuza, dada. Hapo hapo, mbele ya wote."

"Wangenifukuza, na ningeondoka nikiwa na haki ya kukuchukia. Sasa hata hiyo umeninyang'anya."

"Mimi nimekusitiri!"

"Nani alikuomba sitara?"

Kijana aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Unajua nini? Chipu ile ilikuwa haijawahi kufika umbali ule. Sisi wenyewe tulikuwa hatujui kama inaweza, tuliandika mpaka wa chini kwa woga. Leo ndiyo tumejua. Umetufanyia jaribio ambalo mabosi wangu hawakuthubutu kulifanya. Sasa niambie, nikasirike au nikushukuru?"

Lifti ilifunguka, hakuna aliyeingia, ikajifunga.

"Kasirika," alisema Mama Kioo. "Nakuomba. Kasirika."

Lakini kijana alikuwa ameshaanza kulia, akijifuta kwa mkono wa koti kama alivyokuwa akifanya utotoni, na dada yake akaondoka kwa ngazi.

Mkongo ulilazwa kwa chipu. Kwenye matangazo ya kampuni ya kijana, jaribio lile lilitajwa kwa sifa, pamoja na picha ya Mama Kioo akipeana mkono na mzee wa miwani. Chujio lilifunguliwa vipande vipande. Leza zikagawiwa vyuo, meza ikapelekwa stoo, chumba cha chini kikawekwa betri za dharura. Yeye hakufukuzwa. Alipandishwa cheo, tena kwa ajili ya uaminifu wake. Barua ilisema hivyo, neno kwa neno. Kazi yake mpya ilikuwa kuwafundisha mafundi namna ya kuzifunga zile chipu. Aliifundisha vizuri, kwani hakujua kufundisha vibaya. Simu za mdogo wake ziliita zikanyamaza.

Mama yao alikuja kumuuliza. Alikaa kwenye kochi, akanyoosha goti lake bovu. "Mmegombania nini na mwenzio?"

"Kazi tu, mama."

"Kazi gani inayowakosesha watu salamu? Yeye anasema hajui. Anasema wewe ulimsaidia sana. Basi mimi nidhani nini, mwanangu? Nidhani ni wivu?"

Ili kujitetea ilimpasa aseme alichokifanya. "Basi dhani ni wivu," alisema, akaenda kuchemsha maji.

Mama akalishika neno hilo la wivu. "Nilizaa wawili ili nikifa mmoja amshike mwenzake. Kumbe nilizaa majirani."

Mwaka uliofuata kijana alihamishiwa mji ule ule wa dada yake, akiwa mkubwa wa tawi, na mkewe akajifungua mtoto wa kike. Wakampa mtoto jina la shangazi yake. Habari hizo zililetwa na mama, aliyezitoa moja moja kama anayelisha ndege.

"Anafanana na nani?" Mama Kioo aliuliza.

"Pua yako. Na ukali wako. Anyonyapo hataki kusemeshwa."

Alichelewa wiki kadhaa, kisha akanunua blanketi la mtoto, akaenda saa za kazi makusudi, akijua mdogo wake hatakuwepo. Wifi yake alifungua, mtoto begani, nywele hazijachanwa. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini wifi alimtambua papo hapo kwa ile picha ya matangazo.

"Wifi! Karibu, karibu ndani! Hatimaye!" Akamshika mkono akimvuta. "Mume wangu hachoki kunieleza ile siku. Anasema bila wewe asingefika alipofika. Anasema hajaona mtu mwenye moyo kama wako."

Mama Kioo alitafuta kejeli usoni mwake, hakuiona. Mwanamke yule aliliamini kila neno. Mtoto aligeuza kichwa, akamtazama kwa macho ambayo bado hayajui kutazama.

"Nimeacha kitu jikoni," alisema Mama Kioo. Akamkabidhi blanketi. "Nitakuja siku nyingine."

"Japo maji, wifi. Japo umbebe kidogo."

"Siku nyingine."

Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Juu yake alisikia mlango ukifungwa taratibu, na sauti ya wifi yake ikimbembeleza mtoto, ikimwita kwa jina la shangazi yake.