Mwamba wa Sajenti Okwir

Sajenti mstaafu Okwir alikuwa na imani moja maishani, nayo ndiyo iliyomponza: mkubwa hutangulia. Jeshini ndivyo kulivyo. Kambi ikihama, kamanda huchagua hema lake kwanza, wakafuata maofisa, wakaja masajenti, na kuruta akalala panapobaki, hata kama ni mlangoni na mvua inanyesha. Sasa mtu kama huyo, aliyekaa jeshini mpaka kichwa kikaota mvi, mlete Kansanga, jijini Kampala, mpe tangi la kioo lenye maji ya chumvi, umwambie alijaze samaki wa baharini. Unadhani ataanza na nani?

Alianza na mkubwa, bila shaka. Alimtafuta kangaja, samaki bapa wa samawati mwenye wembe kwenye shina la mkia, akamtia tangini peke yake na kumwita Meja.

"Achague makao yake kwanza," alimwambia mkewe, Nusura. "Akishatulia tutawaleta wadogo."

Meja akachagua. Akachagua tangi zima!

Kila mdogo aliyeletwa alikimbizwa kutoka kona hii hadi kona ile, mapezi yakachanika, chakula kikampita puani asithubutu kukigusa, na mwishowe akakutwa amelala ubavu kwenye mchanga. Hapo Okwir humtoa, akamfunga kwenye kitambaa safi, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba na kijembe, akamzika. Alisimama pale wima kama anayesubiri tarumbeta. Kisha alirudi ndani akakaa kimya siku nyingi. Sahani ya chakula aliisukuma pembeni, salamu za majirani akazijibu kwa kichwa.

Kimya hicho Nusura alikijua, na alikiogopa. Yeye ni Mnubi wa Old Kampala, binti wa askari na mjukuu wa askari. Kimya hicho Okwir alirudi nacho kutoka vitani Somalia, alikopoteza rafiki zake, na kwa miaka alikibeba ndani ya nyumba kama mzigo usio na pa kutuliwa. Kitu kimoja tu cha kule alikizungumzia kwa furaha: mwamba wa matumbawe uliokuwa karibu na kambi yao. Maji ya bahari yakipwa, na yeye hana zamu, alikwenda kukaa juu ya jiwe kuwaangalia samaki kwenye vidimbwi. Alisema pale tu ndipo moyo wake ulipopumua. Ndiyo maana alilitaka tangi, na tangi likamrudishia ulimi. Lakini kila aliyekufa aliondoka nao tena.

Basi siku moja, udongo wa kaburi jipya ukiwa bado kwenye kucha za Okwir, Nusura alimkalisha chini.

"Baba Ruqaiya, nisikilize. Akifa mwingine, tangi hili linatoka humu ndani. Bonny, yule mwenye hoteli, analitaka aliweke kwake, atalitunza. Samaki nawapenda, lakini wewe nakupenda zaidi, na mimi siwezi kukuona ukizika tena. Nimechoka."

Okwir alitazama kucha zake. Moyo ulimwuma, maana bila tangi hakujua angeishi vipi. Lakini aliona mkewe hasemi kwa hasira.

"Sawa," alisema. "Akifa mwingine, linatoka."

Na ukitaka kujua kwamba shetani hana likizo, hazikupita siku nyingi akafika Yasiin, mdogo wake Nusura, dereva wa basi la Mombasa. Aliingia na boksi kifuani, meno yote nje.

"Shemeji! Safari hii nimekuletea mume na mke!"

Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko wa maji, na ndani ya mfuko samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, jike kubwa kidogo, dume dogo. Walizalishwa na fundi mmoja wa matangi kule Nyali, na walikuwa wameshapendana kabla ya safari. Katika mfuko wa pili aliwaletea nyumba yao, kile kiumbe chenye vidole laini vinavyochezacheza majini, ambacho Okwir alikiita ua.

"Yasiin, ndugu yangu," Nusura alisema akishika kichwa, "umeleta mume na mke au umeleta maiti?"

Yasiin maskini hakuelewa kosa lake. Kuwarudisha haikuwezekana. Okwir aliwazoesha maji taratibu, akawaachia, na Meja akawajia kama askari wa doria aliyeona wezi. Wageni wakajibana nyuma ya pampu, wakatetemeka huko.

"Meja! Simama!" Okwir alipiga kelele, akagonga kioo. "Nyuma geuka!"

Loo! Tangu lini kangaja akajua kwata?

Nusura alisimama mikono kiunoni. "Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humu kwako mgeni njoo, mgeni afe! Hebu niambie. Kule kwenye mwamba wako, hawa wakubwa hawakuwapo?"

"Walikuwapo. Tena wakali kuliko huyu."

"Sasa wadogo waliishije?"

Okwir alikuwa amekaa sana kwenye mwamba ule, akiangalia na kufurahi, lakini hakuwahi kujiuliza.

"Walikuwa na matundu," alisema polepole. "Kila mdogo alikuwa na tundu lake ambalo mkubwa hapenyi. Na ukikimbizwa, unakata kona moja tu, yule aliyekukimbiza ameshakusahau." Macho yakamng'aa. "Na kuna siku dhoruba ilipiga, mawimbi yakapindua mawe. Maji yalipotoka nikaenda kuangalia. Yule kangaja mkali nilimkuta anazunguka kama mtu aliyeshushwa stendi isiyo yake! Wadogo wanapita mbele yake, hana habari nao. Hajui kwake ni wapi, sasa angemfukuza nani, kutoka wapi?"

"Haya. Na hapa mawe umeyapangaje?"

Wote watatu wakatazama. Jamani! Mawe yalisimama mstari mmoja, mkubwa kulia, mdogo kushoto, mchanga umefagiliwa, na ukichungulia upande huu unaona mpaka upande ule bila kizuizi. Yasiin alianza kucheka. Nusura akafuata.

"Baba Ruqaiya, huu si mwamba. Hapa umewajengea uwanja wa gwaride."

Okwir aliona haya, lakini naye akacheka, maana kweli haikanushiki.

"Wewe unamkumbuka ami yetu Dawudi?" Nusura alimwuliza Yasiin. "Alikuwa na kochi lake pale kwa baba. Hakuna wa kulikalia, hakuna wa kupita mbele yake, hata mgeni aliyetoka mbali akatafutiwa pembe. Sasa ikifika harusi, mama alifanyaje?"

"Alitoa makochi yote nje," Yasiin alisema. "Akatandika mikeka."

"Eeh! Na ami akiingia, naye ni mgeni kama wengine. Anauliza kwa adabu, 'Nikae wapi, wanangu?'" Akamgeukia mumewe. "Mtoe Meja. Pindua mawe. Lete dhoruba."

"Sajenti hamkamati meja," Okwir alinung'unika.

"Akiamriwa na mkewe, anamkamata."

Kumkamata ilikuwa kazi. Meja aliwapiga chenga mpaka shati la Okwir likalowa hadi mabegani, Yasiin akarushiwa maji usoni, na Nusura akawa refa asiyependelea upande. Hatimaye alinaswa kwenye wavu, akawekwa kwenye beseni kubwa lenye maji yale yale na pampu ndogo. Yasiin aliliita mahabusu.

Kisha Okwir akazamisha mikono. Mara hii hakupanga, alikumbuka. Jiwe hili aliliegemeza kwa lile, jiwe bapa akalilaza juu ya mawili, akaacha mapango, mianya na kona, huku Nusura akimwelekeza kutoka kwenye kiti.

"Hapo weka uchochoro kama wa sokoni Kalerwe. Mtu akikimbizwa apotee."

Ua alilipa nafasi chini ya bapa kubwa, upande wa ukutani. Mume na mke walitoka nyuma ya pampu wakanusa huku na huku, na siku zile Meja yuko mahabusu walijichagulia wapendapo, wakala, wakanenepa. Meja aliporudishwa, aliingia wa mwisho, kama kuruta. Alisimama katikati asijue pa kuelekea. Alipolisogelea ua, jike la rangi ya chungwa, lisilozidi kidole gumba, lilimtokea uso kwa uso. Na Meja, licha ya wembe wake na cheo chake, akampisha.

Okwir alicheka mpaka akajifuta machozi.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa tamu. Nusura alianza kunywea chai mbele ya tangi, na Okwir, akiwaangalia samaki, akawa anazungumza. Alimtaja Ocira, rafiki yake aliyebaki Somalia, ambaye jina lake halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Alisimulia jinsi Ocira alivyokuwa anaiba sukari ya jikoni na kuapa kwa mizimu yote ya Kitgum kwamba ni panya. Nusura alicheka naye. Alikuwa na furaha, na alimwambia hivyo.

Halafu dume likatoweka.

Asubuhi moja jike lilikuwa peke yake kwenye ua. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Okwir alichungulia kila upande unaochungulika. Upande wa ukutani tangi limegusana na tofali, haingii hata jicho. Meja alikuwa anapitapita zake na uso wa mtu asiyejua lolote. Kuvuruga mawe Okwir hakutaka, asije akamponda jike pia. Mwishowe yeye mwenyewe alichukua simu, akampigia Bonny.

"Ngoja kwanza," Nusura alisema. Sheria ilikuwa yake, na sasa ilimchoma yeye.

"Ahadi ni deni, Mama Ruqaiya. Nilikupa neno langu." Hakunyamaza kama zamani. Alisema tu, "Nimehuzunika," na Nusura akamshika mkono.

Bonny alikuja Jumapili baada ya misa, na pikapu na madumu matupu. Alikuwa mtu mwema, hata viatu alivivua mlangoni.

"Afande, nitawatunza kama wageni wa hoteli," alisema. Akatia mpira tangini, akavuta kwa mdomo, akatema ile chumvi na kulalamika, na maji yakaanza kushuka dumuni.

Yaliposhuka kiasi, Okwir akaingiza mkono kulitoa lile bapa kubwa. Kitu kikamwuma kidole. Akautoa mkono, akaurudisha, akaumwa tena, safari hii kwa hasira.

"Ala!"

Alichukua kurunzi, akaweka shavu kwenye kioo, akamulika chini ya bapa kwa pembeni. Dume lilikuwa humo, zima kabisa, macho yamelitoka, mapezi yanapepea bila kupumzika. Na juu ya jiwe lililo mbele yake kulikuwa na kiraka cha mayai ya rangi ya chungwa, yamebanana kama ulezi ulioanikwa.

"Nusura," Okwir aliita. "Nusura, njoo uone."

Nusura aliinama, akaangalia. Alipoinuka aliunyaka mpira wa Bonny, akaubana kwa nguvu zote.

"Bonny, rudisha maji."

"Lakini mama, Afande kasema—"

"Tulisema akifa. Huyu hajafa, kajifungua! Na kwetu sisi mzazi hahamishwi kabla ya arobaini. Hata mfalme aje na pikapu."

"Ila huyo anayelinda ni baba," Okwir alisema. "Mama ndiye yule anayetembea nje."

"Baba?" Nusura aliinama tena, akatazama yale mapezi madogo yanavyohangaika. "Banange! Basi baba akae arobaini yake. Uji tutampikia."

Bonny alikuna kichwa. "Kwa hiyo nirudi arobaini ikiisha?"

"Rudi, utakula pilau. Tangi hulipati ng'o."

Okwir alitaka kucheka, lakini kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia kwa sauti, mbele ya Bonny, mikono inachuruzika maji ya chumvi, bila kujificha. Nusura akamwacha alie, mkono mmoja begani mwa mumewe, mwingine bado umeubana mpira. Bonny akainua dumu, akaanza kuyamimina maji tangini, polepole, asimshtue mzazi.